Wino Mwekundu na Penseli

Leo nimekabidhiwa funguo, Dakta Mghoi,
funguo saba, na ule mfupi wa kabati la kupe
ambao lazima uuinue kidogo ndipo ugeuke.
Ni Julai hapa Kabete. Ukungu umewalalia ng'ombe wa utafiti
na mlangoni bado kuna jina lako.
Fundi anasema atalibandua Jumatatu.
Nimemwambia asijisumbue kuharakisha.

Nilikuja nikidhani uongozi ni koo.
Baba alikuwa nyapara wa majani chai kule Nandi:
akikohoa mara moja, migongo sitini inainama.
Kwa hiyo nilisimama mlangoni, nikangoja ukohoe.
Ulikuwa kwenye sinki, povu hadi viwikoni,
unaosha chupa tulizochafua sisi.
"Wewe ndiwe Saina?" ukauliza, bila kugeuka.
"Shika kitambaa."
Nilikausha chupa arobaini
kabla mtu hajaniambia kwamba nimeajiriwa.

Ulikuwa na kichwa kigumu, tusidanganyane.
Miaka miwili uliyakataa majibu ya Musembi
na alipothibitika kuwa sahihi hukumpongeza,
ulimpa tu kiti chako cha karibu na dirisha
ukahamia pale panapovuja.

Na Mzee Kivuva, mfagiaji,
aliyeona kwamba kupe wa rafu ya magharibi
hufa jua la alasiri likiwagusa,
ulimwandika wa tatu kwenye makala,
mbele ya wenye fedha.
Wakubwa wakaandika barua: huyu ana shahada gani?
Ukajibu kwa neno moja: Macho.

Usiku ule wa Aprili stima ilipopotea,
jenereta ikakohoa, ikanyamaza,
na damu ya miaka tisa ya ndigana ikaanza kuyeyuka ndani ya friji.
Ulifika kwa miguu kutoka Uthiru,
leso kiunoni, gambuti, tochi mdomoni.
Hukuuliza nani alipaswa kutia dizeli.
Uliuliza barafu iko wapi.
Saa tisa usiku tulikuwa Eneo la Viwanda,
unambembeleza bawabu wa kiwanda cha aiskrimu
atuuzie barafu kavu, gunia kwa gunia,
ukimweleza habari za ndama wa mama yake huko Kajiado
mpaka akabeba na yeye.

Mwenye zamu ya dizeli nilikuwa mimi.
Ulijua. Ratiba uliiandika mwenyewe.
Kulipokucha ulininunulia chai na mandazi mawili,
ukauliza, "Lile tanki hubeba lita ngapi?"
Sikujua.
Sasa najua. Hata ndotoni nalichungulia.

Jana nilifungua daftari kuu la maabara.
Makosa yetu uliyaandika kwa penseli:
Wangeci kasahau chumvi, Saina kachanganya namba.
Yako kwa wino mwekundu, na saa, na sahihi:
*Nimezidisha joto. Sampuli kumi na mbili zimekufa. Mghoi.*
Nilidhani ni mazoea tu ya mtu wa zamani.
Lakini penseli imefifia, Dakta.
Nimepekua kurasa mia nne nikijitafuta,
na mkosaji pekee aliyebaki humo ni wewe.

Leo saa tano Nafula aliangusha trei.
Mabuu ya miezi sita, sakafuni, kama ufuta.
Maabara nzima ikainama.
Nikasikia kikohozi cha baba kikipanda,
kikifika hapa, penye kifundo cha koo.
Nikakimeza. Kiliniuma kama mwiba wa samaki.
"Umekatwa na kioo?" nikamuuliza.
Akatikisa kichwa. Tukapiga magoti, tukaokota.

Kisha nikafungua daftari jipya, nikapapasa mifuko yote.
Kalamu tu.
Nikataka kumtuma mtu, nikaacha.
Nikashuka mwenyewe hadi dukani, na koti langu jeupe,
nikaomba penseli.
"Mtoto yuko darasa la ngapi?" muuzaji akauliza,
"nikupe laini au ngumu?"
Nikamwambia: la kwanza.